Mkaguzi Aanze na Kiambato, Orodha ya Maswali Ifuate

Kampuni nyingi za chakula humwandaa mkaguzi mpya kwa kumkabidhi orodha ya maswali na kumtuma akaijaze kwa msambazaji. Kwa miaka niliyosimamia mafunzo haya nimezidi kuamini kwamba orodha hiyo ichelewe kidogo, na kwamba mtu afundishwe kwanza kiambato chenyewe: kinatoka wapi, huharibikaje, na mwenye nia mbaya angekichakachua vipi.

Tuchukue maziwa ya unga. Asiyejua kwamba Salmonella, bakteria inayosababisha maradhi ya tumbo, huweza kuishi muda mrefu mahali pakavu, na kwamba ikipata unyevu huanza kuzaliana, ataisifu sakafu iliyooshwa kwa maji mengi kwa sababu inang'aa, ilhali katika chumba cha kufungashia unga maji hayo ndiyo hatari yenyewe. Kwa viungo vya kusaga, anayefahamu kwamba sumukuvu huweza kuanzia shambani au katika ukaushaji mbaya hataridhika na ghala safi, bali atauliza unyevu ulipimwa lini, kwa kifaa gani, na shehena iliyozidi kiwango ilipelekwa wapi.

Kuhusu uchakachuaji, huwaeleza wanafunzi wangu mkasa wa maziwa yaliyotiwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, nchini China, uliofichuka mwaka 2008. Kipimo kilichozoeleka cha protini hupima nitrojeni, na melamini ina nitrojeni nyingi, hivyo maziwa yaliyozimuliwa kwa maji yalionekana kuwa na protini ya kutosha. Anayeuelewa mkasa huo hapokei cheti cha uchambuzi kabla ya kuuliza ni kipimo gani kilichotumika na kinaweza kupotoshwa na nini.

Zoezi ninalolithamini kuliko yote hufanyika kwanza katika kiwanda chetu wenyewe. Mwanafunzi hupewa namba ya bechi ya bidhaa iliyokwisha kuuzwa, akairudisha nyuma kupitia kumbukumbu za uzalishaji na za ghala hadi kwenye mifuko ya malighafi iliyoitengeneza, kisha akajumlisha uzani: kilichopokelewa kilingane na kilichotumika, kilichobaki na kilichotupwa. Humo njiani huenda akakuta mfuko ambao lebo yake ilichanwa pamoja na mdomo wakati wa kufunguliwa, namba ya bechi ikaishia kwenye takataka. Akishaliona hilo kwetu, hata kwa msambazaji ataikagua mifuko iliyofunguliwa kabla ya kufungua majalada. Hesabu ya uzani nayo huibua maswali ambayo hakuna orodha ingeyauliza, kwani msambazaji aliyenunua kilo 800 za pilipili kavu na kuuza kilo 1,000 za unga wake ana kilo 200 za kuzitolea maelezo.

Mahojiano yanahitaji mazoezi ya peke yake. Mkaguzi azoee kumwendea anayefanya kazi, si msimamizi wake tu, na kumwomba aonyeshe anavyosafisha mashine baada ya kiambato kinachoweza kusababisha mzio, badala ya kumuuliza kama huwa anaisafisha. Asimkatize, wala asimsaidie kupata jibu.

Mwongozo wa ISO 19011 wa Shirika la Kimataifa la Viwango, uliohuishwa mwaka 2018, unaeleza vizuri misingi ya ukaguzi na sifa za mkaguzi, nami huutumia hasa ninapofundisha uandishi wa ripoti. Kila hitilafu iandikwe ikionyesha sharti lililokiukwa na ushahidi uliopatikana, yaani tarehe, namba ya bechi na mahali; "usafi hauridhishi" ni maoni ambayo msambazaji hawezi kuyafanyia kazi. Vilevile mwanafunzi ajifunze kuyarudisha majibu ya marekebisho yanayoishia kwenye "mfanyakazi amekumbushwa", kwa kuwa hayagusi chanzo cha tatizo.

Kabla sijamruhusu mtu kukagua peke yake, huambatana na mkaguzi mzoefu, kila mmoja akaandika ripoti yake bila kuona ya mwenzake, kisha tukakaa pamoja kuzilinganisha ukurasa kwa ukurasa. Palipo na tofauti ndipo tunapopanga mafunzo yake yanayofuata.