Uliza Fundi: Moshi unarudi sebuleni, bomba lina shida gani?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mi naishi Ilboru huku juu na baridi ya mwezi wa sita na wa saba unaijua mwenyewe. Tulichomelewa jiko la kuni la chuma la kuweka sebuleni, tundu lake la moshi ni inchi 6, ila fundi aliyekuja kufunga bomba akaja na la inchi 4 akasema ndo alilonalo, akalibana hivyo hivyo, akapiga kona mbili akalitoboza ukutani chini ya paa. Sasa tukiwasha tu machozi yanatutoka, moshi wote unarudi ndani. Halafu shemeji yangu yuko Marekani, nyumba yao ina tanuru huko chini na mabomba yanapeleka joto kila chumba, je na mimi nikilipitisha hili bomba chumbani kwa watoto si litapasha na huko?
Msomaji, Ilboru, Arusha

JIBU: Nzuri dada, pole sana na huo moshi. Nianze na la watoto maana hilo limenitisha: usilipitishe, tafadhali. Yale mabomba ya kwa shemeji yako ni dakti, yanabeba hewa safi. Moto unawaka ndani ya tanuru, hewa inapita nje ya chuma chenye moto, feni inaisukuma vyumbani, na kuna dakti nyingine ya kuirudisha ikapashwe tena, ila moshi wa tanuru una bomba lake peke yake linalotoka nje na havikutani kabisa. Bomba lako wewe ni la moshi. Kiungo kimoja kikilegea usiku chumbani kwa watoto inatoka kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, mtu anafia usingizini. Mkitaka joto lifike kwao acheni mlango wa chumba wazi jioni, na moto uzimike kabisa kabla ya kulala.

Sasa bomba lenyewe. Tundu la inchi 6 lina eneo la karibu inchi za mraba 28, la inchi 4 lina 12 na nusu tu, yaani umelinyima jiko zaidi ya nusu ya koo lake, halafu ukaongeza na kona mbili za kukata mraba, huo moshi utapita wapi zaidi ya kurudi kwenu? Bomba halitakiwi kuwa jembamba kuliko tundu la jiko hata siku moja, na fundi anayekwambia "litavuta tu" mwambie awashe yeye akae hapo nusu saa. Toa lote uweke la inchi 6 mpaka juu, linyooke kadiri inavyowezekana, na kama kona haiepukiki iwe ya kulala, ya digrii 45.

Na lisiishie chini ya paa, upepo unalipiga moshi unarudi. Lipite juu ya paa angalau futi 3 kutoka pale linapotokea, na liwe juu kwa futi 2 kuliko kitu chochote kilichopo ndani ya futi 10, iwe mgongo wa paa au nyumba ya jirani. Likikatiza siling usikubali bati tupu kabisa, hapo ni bomba la kuta mbili lenye kizuia joto katikati, na lile la ukuta mmoja ndani ya nyumba likae mbali na mbao na siling kama inchi 18.

Wakati wa kufunga simama hapo hapo uangalie viungo. Ile ncha nyembamba yenye mikunjo, dume, inatazama chini kuelekea kwenye jiko, ili maji meusi ya masizi yakishuka yaingie ndani ya bomba yakaungue, wengi wanaigeuza halafu ukuta unachirizika rangi ya chai. Kila kiungo skrubu 3 zilizozunguka sawasawa, tepu ya gundi haifai, inaungua. Na liwe bati jeusi la chuma, lile la zinki likipata moto sana linatoa moshi wa sumu.

Kabla hujawasha kuni choma kipande cha gazeti ndani ya jiko, mwali ukilalia upande wa bomba, linavuta. Usipolalia, fungua dirisha kidogo ujaribu tena, ukilalia sasa basi nyumba imezibwa mno na moto unakosa hewa. Kila mwaka kabla ya baridi lisafishwe, niliwahi kufungua moja huko Njiro nikakuta limebaki tundu la kupitisha kidole, mengine yote masizi magumu kama lami, na hayo ndo yanashika moto juu ya paa.

SWALI: Jiko langu ni la inchi 6, dukani nimepewa bomba la inchi 8 bei ile ile. Si ndo zuri zaidi?
Msomaji, Machame, Moshi

JIBU: Hapana kaka. Eneo lake ni karibu mara mbili ya unalohitaji, moshi unapanda taratibu, unapoa njiani, ukipoa hauvuti tena na masizi yanaganda haraka, hasa huko kwenu mlimani kwenye baridi. Rudi wakubadilishie la 6, na ukiwa hapo chukua na kofia ya juu ili mvua ya masika isishuke ndani ya jiko.