Maswali Yenu: Msimu ukiisha bila majibu

SWALI: Habari dada, mimi ni msomaji wako wa siku nyingi. Juzi nimemaliza msimu wa pili wa sirizi moja niliyoifuatilia epsodi kwa epsodi, mwishoni mlango unagongwa, dada wa steringi anafungua, anashtuka, basi imeisha! Aliyegonga hatujaoneshwa na zile pesa zilizoibwa tangu epsodi ya kwanza hatujaambiwa ziliishia wapi. Mimi naona msimu ukiisha kila kitu kiwe kimejibiwa, we unasemaje?

JIBU: Pole sana mdau. Nakuunga mkono nusu, maana mlango mimi sina shida nao kabisa, kinachoniuma ni hizo pesa. Swali la pesa ndilo lililokukalisha msimu mzima kwahiyo ni deni, walitakiwa walilipe kabla hawajakukopa tena. Mlango ni swali la msimu ujao, huo waache wagonge tu.

Chukua sirizi ya Dallas ya Marekani, tarehe 21 Machi 1980. J.R., yule tajiri wa mafuta mwenye roho mbaya, yuko peke yake ofisini usiku, anasikia kelele, anatoka kuangalia, anauliza nani yuko hapo, anapigwa risasi mbili anaanguka. Imeisha hapo. Watu wakasubiri mpaka 21 Novemba, miezi minane, kwa sababu mwaka ule waigizaji waligoma na kazi ikachelewa, lakini siku mpigaji alipotajwa walioangalia Marekani peke yake walizidi milioni 80. Mbona hawakususa? Kwasababu msimu mzima wamemuona J.R. akimdhulumu mke, ndugu, washirika wa biashara, yaani karibu kila aliyemzunguka ana sababu ya kumtaka afe, na wewe unajiuliza huyu mtu atalipia lini. Ile risasi ndio jibu lenyewe! Kilichobaki ni kujua mkono wa nani, na hicho ndicho kinachokufanya urudi.

Sasa linganisha na ALF, ile ya kiumbe kutoka sayari nyingine anayefichwa na familia moja. Mwaka 1990 wenzake wanakuja kumchukua, chombo kinashuka, wanajeshi wanamzingira, chombo kinageuza kinaondoka bila yeye, halafu maandishi yanasema itaendelea. Haikuendelea, sirizi ilifutwa, jibu likaja kwenye filamu ya 1996. Miaka sita! Na hapa ndio pana hatari yenyewe, mara nyingi waandishi wanaandika mwisho wa msimu kabla hawajajua kama stesheni itawapa mwingine, wengine wanaacha mambo yananing'inia makusudi ili stesheni ione aibu kuwakata, na ikiwakata anayeumia ni wewe uliyekaa pale wiki zote. Kwahiyo msimu wa tatu ukitoka wape epsodi mbili, kama hizo pesa hazijatajwa achana nayo bila kujuta.

SWALI: Na sirizi yenyewe ikiisha moja kwa moja, tuipime vivyo hivyo?

JIBU: Ndio, na hapo ndio nakuwa mkali zaidi maana hakuna kesho ya kujitetea. Ila kujibu swali si lazima useme kila kitu. The Sopranos, ile ya baba ambaye ni bosi wa mafia, ilivyoisha 2007 familia inakutana mgahawani, binti yuko nje anahangaika kupaki gari, anarudi nyuma, anajaribu tena, ndani wameshaanza kula, mlango unafunguliwa, baba anainua macho, skrini inakuwa nyeusi kimya. Kuna watu walidhani matangazo yamekatika! Wengi wanailaumu mpaka leo, mimi naitetea kwa moyo wote, kwasababu miaka yote ile swali lilikuwa je huyu baba atabadilika, na jibu lilishatoka epsodi nyingi nyuma, hakubadilika. Kama alikufa pale mezani au alimaliza chakula chake akaenda nyumbani, hilo hawakuwahi kutuahidi.