"Annoyed" ni kukasirika?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi huvusha wageni kwa mashua kutoka Shela hadi Manda, huku Lamu. Juzi tulikawia kung'oa nanga kwa sababu maji yalikuwa yamekupwa. Mgeni mmoja, aliyekuwa akitazama saa tu, akasema kwa Kiingereza yuko "annoyed". Nikamwambia nahodha, "Huyu amekasirika." Basi nahodha akaanza kuomba radhi kama aliyezamisha chombo, mgeni naye akabaki kushangaa. Nilikosea?

JIBU: Marahaba. Hukukosea sana, ila ulimzidishia. Aliyekasirika ana hasira, na hasira huonekana usoni na kusikika kwenye sauti. Anayetazama saa na kunyamaza ameudhika. Ungesema "mgeni ameudhika", nahodha angemtilia chai, yakaisha.

Angalia pia kiishio cha "kuudhika". "Umeniudhi" inamnyooshea mtu kidole. "Nimeudhika" inamwacha mkosaji pembeni, ndiyo maana watu wenye haya huipenda. Na tamka dh yako vizuri: udi ni wa kufukizia nyumba, udhi hakuna aufukizaye.

Kukereka ni jirani yake, ila lina mrudio ndani yake. Ni jamaa ya kukereketa, ile hali ya koo kuwasha usijue ulikune vipi. Punda wa mchanga akikuzibia kichochoro siku moja, utaudhika. Akikuzibia kila asubuhi, amekukera.

Vijana wa Malindi watakwambia "umeniboo". Kwa Waingereza neno hilo, "bore", ni la kuchosha mtu kwa mambo yasiyo na ladha, lakini huku Kenya limegeuzwa kuwa la kuudhi. Kwa rika lako sawa. Kwa mzee wa mtaa wa Langoni, hapo Lamu, usilijaribu.

Lakini neno linalonivutia zaidi ni la wazee wenyewe: kuchukia, ambalo kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, ni kutukia (si lile la tukio). Bibi akisema "usimwambie hivyo, atatukia", hana maana kwamba chuki itaingia kati yenu. Ana maana mwenzio atavunjika moyo kidogo, atanuna mpaka alasiri. Mtu wa bara akilisikia hushtuka bure, kwa kuwa kwake kuchukia ni kutomtaka mtu kabisa.

Na hapa ndipo swali lako lilipo tamu. Hilo "annoyed" nalo lilizaliwa na chuki. Shina lake ni maneno ya Kilatini "in odio", yaani katika chuki. Likapita kwa Wafaransa, likaingia Kiingereza zaidi ya miaka 700 iliyopita, na njiani makali yakalitoka. Kwa hiyo siku ile, kama nahodha wako ni Mwamu wa makamo, ungemwambia "mgeni ametukia" na angekuelewa papo hapo, tena kwa kipimo kilekile cha mgeni.

Mgeni akisema "furious", hapo sasa ni kukasirika. Mwache nahodha aombe radhi.