Maswali Yenu: Nyambizi U-852 iliyoishia pwani ya Somalia

SWALI: Nimesikia kuwa wakati wa Vita Kuu ya Pili nyambizi ya Wajerumani ilikwama pwani ya Somalia, na vita vilipokwisha nahodha wake akapigwa risasi. Ilifikaje huku na mafuta yake, na kwa nini nahodha auawe ilhali alikuwa askari vitani? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hiyo ni U-852, iliyoundwa Bremen. Ni ya aina ya IXD2, iliyokusudiwa bahari za mbali: urefu mita 87.6, matangi ya zaidi ya tani 440 za dizeli, na uwezo wa kwenda zaidi ya maili 23,000 za baharini kwa mwendo wa noti 12 (noti 1 ni maili moja ya baharini kwa saa). Iliondoka Kiel tarehe 18 Januari 1944, na mafuta hayo yalitosha kuizunguka Afrika yote ya kusini.

Lakini umbali huo ni wa juu ya maji. Dizeli haiwaki bila hewa. Ikishazama, nyambizi inategemea mota za umeme, na betri zake huishiwa baada ya maili 57 hivi kwa noti 4. Ni lazima iibuke kuchaji, na hapo ndipo ndege huikuta. Tarehe 2 Mei 1944 ndege ya Uingereza aina ya Wellington kutoka Aden iliikuta imeibuka, ikaangusha mabomu 6 ya kina, yaani yanayolipuka chini ya maji. Bomu la kina halihitaji kugusa chuma. Mgandamizo wa maji unatosha kulegeza mabomba na kupasua betri, na maji ya chumvi yakikutana na asidi ya betri hutoa gesi ya klorini. U-852 haikuweza tena kuzama. Ilikimbilia pwani ikipigana na ndege kwa mizinga ya sitahani, na tarehe 3 Mei ikapanda mwamba karibu na Bandar Beila. Mabaharia wakailipua. Walikufa 7, 59 waliosalia wakatekwa na wanamaji wa Uingereza pamoja na Kikosi cha Ngamia cha Somaliland.

Kosa kubwa la nahodha, Heinz-Wilhelm Eck, lilikuwa limekwisha kutendeka. Usiku wa 13 Machi alizamisha meli ya Kigiriki, Peleus, katika Atlantiki, ikiwa na watu 35. Akaamuru vifusi na maboya yapigwe risasi na kurushiwa maguruneti, huku manusura wakiwa wameyashikilia. Waliookolewa na meli ya Kireno, baada ya zaidi ya mwezi, ni 3.

Mahakamani Hamburg, Oktoba 1945, Eck alijitetea kwamba vifusi vingewaonyesha marubani mahali alipo. Utetezi huo hausimami hata kwa hesabu ya nyambizi yenyewe. Mafuta yaliyotanda baharini hayazamishwi kwa risasi, na anayetaka kujificha huondoka usiku uleule kwa kasi yote. Eck alikaa pale kwa muda wa saa tano. Daftari lake la safari halikuteketezwa Somalia, likawa ushahidi. Yeye, ofisa August Hoffmann na daktari Walter Weisspfennig walipigwa risasi tarehe 30 Novemba 1945. Hoja ya kutii amri haikumwokoa Hoffmann, na daktari kushika silaha dhidi ya watu wanaozama ni jambo ambalo mimi sioni namna ya kulitetea. Mhandisi Hans Lenz, aliyepinga amri kwanza kisha akafyatua, alipewa kifungo cha maisha.

SWALI: Je, kweli ilikuwa na helikopta? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Haikuwa helikopta, maana haikuwa na injini. Ni Fa 330, kishada chenye mapanga matatu yanayozungushwa na upepo, kinachobeba mtu mmoja na kuvutwa kwa kamba ya chuma nyambizi ikienda mbio. Kwenye mnara wa nyambizi jicho hufika maili 5 hivi. Akiwa mita 120 juu, mtazamaji huona hadi maili 25, na hutoa taarifa kwa simu iliyopita kwenye kamba. Tatizo ni kukirudisha: kuvuta kamba na kukunja mapanga huchukua dakika kadhaa, na ndege ya adui haingoji. Kwa dharura rubani huvuta mpini, mapanga yakachomoka na kumfungulia mwavuli, akaangukia baharini. Ndiyo maana kilitumika zaidi kusini mwa Atlantiki na Bahari ya Hindi, kulikokuwa na ndege chache.