Macho yamegoma, mlango nitauweka vipi?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nipo Igoma hapa Mwanza, nilikua seremala ila presha ya macho imeniondolea uoni wote. Mlango wa chumbani umeoza chini, nataka niweke mpya mwenyewe ila wanangu wanasema baba tulia tu. Nianzie wapi?

JIBU: Salama kaka, pole sana ila usitulie. Mi pia sioni, mwaka wa 9 huu, na bado nafanya fundi. Futi ya kawaida achana nayo, chukua ufito ulionyooka usimamishe ndani ya fremu, pale fremu inapoishia tia alama kwa kisu sio penseli, maana mkwaruzo wa kisu kidole kinausoma, alafu ufito huohuo unaulaza kwenye mlango mpya, hamna haja ya namba kabisa. Ukikata funga mbao kwa jiriwa, kile kibanio cha fundi, na juu yake ubao wa kuongoza msumeno. Kujua fremu imesimama wima tundika timazi, yaani kamba yenye kitu kizito mwishoni, kamba ikitulia pima kwa vidole nafasi kati ya kamba na fremu juu na chini, zikilingana uko sawa. Skrubu za bawaba weka kwenye bakuli, zikidondoka sakafuni utatambaa mpaka jioni! Nyaya za umeme usiguse bila mtu anayeona, hapo sikutanii. Na hao watoto waite wakushikie mlango ukifunga bawaba.