Vishikwambi darasani: wanafunzi watengeneze, wasiishie kutazama

Mleta mada, umesema shule yenu imepata vishikwambi, lakini wanafunzi wanatazama video tu na kujibu maswali ya kuchagua jibu. Unataka watengeneze kitu chao. Nafundisha baiolojia miaka mingi sasa, na hapo ulipo nilishapita.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuwaambia waandae slaidi. Zilikuja za kupendeza, maneno yote yamenakiliwa mtandaoni. Ukimuuliza mwanafunzi maana ya sentensi aliyoisoma sasa hivi, kimya. Hajatengeneza kitu huyo, kahamisha tu.

Kilichonibadilisha ni mada ya mgawanyiko wa seli. Video walishaitazama mara mbili, na jaribio wakalifaulu. Nikawagawa wanne wanne, kila kundi kishikwambi kimoja na udongo wa kuchezea wa rangi, watengeneze katuni: unafinyanga, unapiga picha, unasogeza kidogo, unapiga tena. Kwa picha 5 kila sekunde, katuni ya sekunde 30 inataka picha 150. Kundi moja lilianza na seli yenye kromosomu 4 (zile nyuzi zinazobeba taarifa za urithi), likavuta 2 huku na 2 kule, likajiona limemaliza. Binti mmoja akahesabu, akauliza, "Mbona seli mpya zina nusu tu?" Wakabishana karibu kipindi kizima. Mwishowe wakafungua kitabu bila kuambiwa na mtu, wakakuta kwamba kila kromosomu hujinakili kabla ya seli kugawanyika, kisha nakala ndizo zinazoachana. Wakafuta picha zote, wakaanza upya. Pengo hilo walikuwa nalo siku zote, na jaribio langu halikuligusa.

Ndiyo maana nakusihi uwape muda wa kurudia kazi. Mimi natoa vipindi vitatu. Cha kwanza vifaa vinabaki kabatini, wanachora mfuatano wa picha kwenye karatasi. Alama natoa pia kwa walichobadilisha na sababu ya kukibadilisha. Najua silabasi haisubiri, kwa hiyo nafanya hivi kwa mada mbili tu kila muhula, zile wanazozikariri bila kuzielewa.

Programu za kulipia achana nazo. Kamera na kinasa sauti vilivyomo kwenye kifaa vinatosha. Wakishazoea, wape Scratch, programu ya kutengeneza katuni na michezo kwa kupanga vipande vya amri, iliyotoka chuo kikuu cha MIT, Marekani, mwaka 2007: ni ya bure, ina Kiswahili, na ukishaisakinisha inafanya kazi bila intaneti. Hapo mwanafunzi ndiye anayeiamuru kompyuta, jambo ambalo Seymour Papert, mwanahisabati na mtaalamu wa elimu, alilipigania tangu yeye na wenzake walipotengeneza Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, mwaka 1967.

Wiki hii anza na sauti tu. Wanafunzi wawili wawili, dakika mbili, mmoja amweleze mwenzake mada ya jana kama mtu asiyeijua kabisa, na mwenzake aulize kila anapopotea. Zisikilize rekodi hizo ukiwa umetulia, kisha urudi hapa utuambie ulichokisikia.