Sensa kwenye upinde wa mti: pa kuzifunga, pa kutozigusa, na zitakachokuambia

Mkuu, umesema upinde ni wa babu yako, mti mtupu, mishale yako inakwenda kushoto kila mara, na unataka kuufunga sensa, yaani vifaa vya kupimia, ujue nguvu yake, kasi ya mshale na kosa liko wapi. Halafu ukauliza kama kutoboa tundu dogo la skrubu juu ya sehemu ya kushikia kuna ubaya. Nianze na tundu, maana hayo mengine ukikosea unarudia. Usitoboe. Pinde za kisasa zina tundu la chuma lenye nyuzi za skrubu kwa ajili ya kufungia fimbo ya kutulizia upinde, na sensa nyingi za kununua zimetengenezwa zikae hapo. Upinde wa mti hauna kitu hicho. Kazi yote inafanywa na nyuzi za mti zinazokwenda bila kukatika toka ncha hadi ncha, na ukizikata, ufa unaanzia hapo hapo.

Kwa sababu hiyo hiyo sikushauri ubandike vile vikaratasi vya kupima mnyumbuko mgongoni mwa upinde, ingawa video nyingi zinaanza navyo. Ili gundi ishike vizuri utatakiwa upige msasa, na mgongo wa upinde, ule upande unaotazama shabaha, ndio usioguswa kwa msasa kabisa. Tabaka la juu likikwaruzwa, siku moja linainuka kibanzi na upinde unakatika ukiwa umeuvuta. Tena mti unakunywa unyevu. Wangu, upinde wa Kikamba nilioununua Kitui, hausomi sawa mchana wa kiangazi na asubuhi ya mvua, hata ukipimwa kwa mizani ya uhakika. Sensa iliyogandishwa kwenye mti itakuchanganyia nguvu, joto na unyevu, na hutajua kipi ni kipi. Kama una hamu nayo, chonga upinde wa majaribio ukaharibu huo.

Sasa nguvu. Hii haipimwi upinde ukiwa mkononi. Simamisha nguzo, laza upinde juu yake kwenye kiota chenye kitambaa, pitisha kamba kwenye puli iliyofungwa chini, na katikati ya ugwe (uzi wa upinde) na kamba hiyo weka sensa ya uzito ile yenye umbo la S na kulabu mbili. Nunua ya kilo 100, usichukue ya 50. Pinde za Wawaata wa Tsavo, wale walioitwa Waliangulu, zilikuwa zinapita ratili 100, yaani zaidi ya kilo 45, na huwezi kujua babu yako alikuwa mtu wa namna gani. Sensa hiyo inaunganishwa na bodi ndogo ya HX711, inayogeuza kipimo kuwa namba, kisha Arduino au ESP32, vikompyuta vidogo vya kuzisoma namba hizo. Watu wanaidharau HX711 kwa kuwa inatoa vipimo 10 tu kwa sekunde, au 80 ukiibadilisha. Kwa kazi hii 10 zinatosha na kubaki, kwa sababu unavuta polepole.

Kuisawazisha hakuhitaji maabara. Dumu la lita 20 likijaa maji lina kilo 20 za maji, ongeza uzito wa dumu lenyewe uliopimwa dukani. Tundika, andika namba, punguza maji nusu, tundika tena. Zikienda sawia, umemaliza.

Chora alama kila sentimita 5 kwenye nguzo. Vuta hadi alama, soma, nenda inayofuata, na usizidi urefu uliozoeleka kwa mshale wa upinde huo. Ukifika mwisho rudisha taratibu, usiuache upinde wa mti umevutwa huku unahangaika na kompyuta, kwani mti unachoka na kubaki umepinda. Simama pembeni ya kamba, usisimame mbele ya upinde. Na kwa hali yoyote usiachie ugwe bila mshale eti unajaribu sensa. Nishati yote ambayo ingeondoka na mshale inabaki kwenye mti, na pinde za zamani zinapasuka kwa mchezo huo.

Ukichora grafu ya nguvu dhidi ya umbali, eneo lililo chini ya mstari ndiyo nishati iliyohifadhiwa. Chukua mfano rahisi: upinde unaofika kilo 25, ambazo ni kama nyutoni 245, na ugwe unasafiri nusu mita. Mstari ukiwa karibu umenyooka, unapata nusu ya 245 mara 0.5, kama jouli 61. Mshale wa gramu 40 ukiondoka kwa mita 40 kwa sekunde unabeba jouli 32. Nusu tu. Iliyobaki inaishia kusukuma mti wenyewe, kwenye ugwe, na kwenye kutikisika unakokusikia mkononi. Hapo ndipo utaelewa kwa nini sitaki uweke hata gramu chache kwenye ncha za upinde. Ncha ndizo zinazokwenda kasi kuliko sehemu nyingine za mti, na uzito wowote pale unaibiwa kwenye mshale. Kifaa chochote kikae kwenye sehemu ya kushikia, ambayo haisogei.

Kasi ya mshale nayo haihitaji sensa juu ya upinde, simu yako inatosha. Weka simu karibu na miguu yako ikirekodi sauti, piga shabaha iliyo mita 20, kisha fungua sauti hiyo kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti. Utaona vilele viwili, ugwe ukiachia na mshale ukigonga. Toa muda wa sauti kurudi kwako, mita 20 kugawa kwa 340, kama sekunde 0.059. Kukiwa na sekunde 0.56 kati ya vilele, mshale umesafiri kama sekunde 0.5, basi wastani ni mita 40 kwa sekunde. Kasi ya kuondokea ni kubwa kidogo kuliko hiyo kwa sababu hewa inaupunguza mshale njiani. Video ya picha 240 kwa sekunde haikufikishi hapo. Mshale unakaa kwenye ugwe kama sekunde 0.015 hadi 0.02, kwa hiyo tukio zima la kuachia litakuwa picha nne au tano zenye ukungu.

Tuje kwenye sensa ya mwendo, ambayo nadhani ndiyo uliyokuwa unaiwaza. MPU-6050 ni ya bei ya chini na inapatikana kirahisi. Inapima mchapuko (jinsi kasi inavyobadilika) na mzunguko pamoja, inasoma mchapuko mara 1,000 kwa sekunde. Shida yake ni kwamba mwisho wake ni 16g, yaani mara 16 ya mvuto wa dunia, na mshtuko wa kuachia unapita hapo. Kwenye grafu utaona kilele kimekatwa bapa juu, na ukianza kulinganisha mishale kwa kilele hicho unajidanganya. Ukitaka mshtuko wenyewe tafuta ADXL375, inayofika 200g. Mimi sikuona faida yake kwa mtu anayetaka kulenga vizuri. Kinachofaa ni kile kinachotokea kabla ya kuachia, na hapo MPU-6050 haina tatizo lolote.

Kijana mmoja ninayefanya naye mazoezi alikuwa analalamika mishale yake inashuka. Tulipoangalia mstari wa mwinamo wa upinde wake, unatulia vizuri kabisa, halafu kama robo sekunde kabla ya kile kilele cha kuachia unaanza kuteleza chini. Mkono wa upinde ulikuwa unashuka kabla vidole havijaachia ugwe. Kwa macho sikuwahi kuona, na nilikuwa nimesimama pembeni yake.

Kwa ufungaji, kata kipande cha ngozi kikae chini ya sensa, kisha zungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, ukikaza, chini tu ya mahali unaposhika. Mpira unameza mitikisiko kidogo, jambo ambalo kwa kupima mwinamo halina neno. Waya zile za kuchomeka usizitumie hata kwa majaribio, mshale wa kwanza tu zinachomoka. Lehemu kila kiungo. Usiandike moja kwa moja kwenye memori kadi, kwa kuwa kadi husita mara kwa mara na itasita wakati wa kuachia. Weka vipimo vya sekunde tatu za mwisho kwenye kumbukumbu ya ESP32, vikizunguka, mshtuko ukitokea unasubiri sekunde moja ndipo unavihifadhi. Ni kama kilobaiti 36, haisumbui.

Sasa hilo la kushoto. Hapa sensa haitakusaidia, mkuu. Upinde wa mti hauna dirisha la mshale kupita katikati, hivyo mshale unalazimika kujipinda kuuzunguka mti. Kama unavuta kwa mkono wa kulia na mshale unakaa upande wa kushoto wa upinde, mshale mgumu kupita kiasi hauzunguki vya kutosha na unakwenda kushoto. Mishale ya dukani ya kaboni huwa migumu kwa pinde nyingi za aina hii. Jaribu mshale uleule usio na manyoya, kutoka karibu, uone unakoelekea. Ongeza uzito mbele, kwenye kichwa, mshale utakuwa kama umelainika. Ukitumia fito za kuchonga mwenyewe, punguza unene kidogo kidogo.

Na kama una mpango wa kushindana, kifaa cha kielektroniki juu ya upinde hakiruhusiwi kwa kanuni za World Archery, shirikisho la dunia la mchezo huu, kivue kabla hujafika kwa wakaguzi. Ukishapata jedwali la nguvu kila sentimita 5, liweke hapa pamoja na uzito na urefu wa mshale, nitakupigia hesabu ya kichwa cha gramu ngapi cha kuanzia.